Shangazi wa Kukodi

Kakamega mjini,
9 Januari 2025

Mpendwa Senge Trufosa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ng'ombe amepona kwato. Sisi huku hatujambo. Mvua imekataa, maji ya mfereji yanakuja siku yanapojisikia, lakini hatulii. Nimempa Abdulmalik, yule muuza vitunguu wa Mumias, barua hii na vipande viwili vya sabuni. Ungekuwa na simu kama watu wengine tungeongea dakika mbili tukamaliza. Lakini wewe uliacha simu kwa sababu ulijisikia ukimwambia mtu "niko njiani" nawe bado unafunga kitenge. Sijasikia mtu mwingine aliyeacha simu kwa sababu hiyo.

Asante kwa kuwapokea wageni wangu siku ya Krismasi. Willis bado anaisifu ile ingokho, anasema hajawahi kula kuku wa namna hiyo. Baba yake mdogo, Mzee Shitanda, naye alifurahi sana.

Sasa jambo lenyewe. Baba na mama hawapo, na wewe ndiye dada wa pekee wa baba na ndiye uliyenilea. Kanisa letu la hapa mjini lina desturi yake. Kabla ndoa haijatangazwa, kila upande unaleta mzee mmoja mbele ya baraza la kanisa. Mzee huyo anasimama na kusema kwamba wawili hawa hawakai nyumba moja, na kwamba wa upande wake hajafungwa kwa mtu mwingine. Wakishasema hivyo tunatangazwa Jumapili tatu, halafu harusi ya shela na kwaya. Wasiposema, tunapewa ile ndoa ya kubarikiwa siku ya Alhamisi, bila shela, tukiingilia mlango wa pembeni kama wezi wa mahindi.

Upande wa Willis atasimama Mzee Shitanda. Upande wangu ni wewe, tarehe mbili Februari. Utasema tu kwamba mimi naishi Khayega kwa rafiki yangu. Nina begi langu moja kule, kwa hiyo si uongo moja kwa moja. Ni neno dogo, Senge, na kila mtu analisema.

Mwanao,
Ashley Nanjala


Shianda,
17 Januari 2025

Kwa Nanjala, mwana wa ndugu yangu,

Mimi sijambo. Ng'ombe naye hajambo. Miwa ya shamba la chini ilikatwa kabla ya mwaka mpya, trekta ikakaa bila kuja, na sasa imekauka pale pale tulipoipanga. Choo kimepata mlango. Sabuni nimepokea, asante. Hilo jina la Ashley sijui ulipewa na nani, mimi nilikuwepo siku ulipoitwa Nanjala.

Ombi lako nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Kumbe begi lako linaishi Khayega. Basi lipelekeni hilo begi kanisani livalishwe shela.

Mwezi wa kumi nililala kwenu hapo Kakamega, nikaona suruali za Willis zimeanikwa kamba moja na gauni zako. Sikukugombeza, kwa sababu sikuulizwa. Lakini nikisimamishwa mbele ya watu wa Mungu nikaulizwa, nitasema nilichoona. Maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo, na siyo, siyo. Hakuna mahali palipoandikwa begi.

Wasema ni neno dogo. Kama ni dogo hivyo, mbona mmekuja kunitafuta mpaka Shianda nije niwabebee? Na huo mlango wa pembeni unaoudharau unaingia katika kanisa lile lile. Fungeni hiyo Alhamisi. Nitakuja, nitapika, na nitapiga vigelegele mpaka koo likauke.

Sasa na mimi nina swali. Yule Mzee Shitanda ni ndugu wa baba yake Willis kwa tumbo lipi? Siku ile nilimwekea imondo, maana yeye ndiye mkubwa wa wageni, na firigisi ya kuku kwetu haipewi mtoto. Tangu nizaliwe sijaona mzee akiletewa imondo kwa wakwe halafu asiile. Yeye alitazama uso wa Willis kwanza. Kisha akaichukua kwa vidole viwili akaiweka kwenye sahani ya Willis, na Willis akaitafuna bila hata asante. Baba hampi mwanawe imondo mbele ya wakwe. Anayefanya hivyo ni mtu wa kazi mbele ya tajiri wake. Nilipomuuliza ukoo wao, akaomba maji ya kunywa.

Nijibu hilo kwanza, mambo ya shela baadaye.

Senge yako,
Trufosa


Kakamega,
29 Januari 2025

Senge,

Salamu. Sisi ni wazima, na kwa leo hiyo ni habari ya kutosha.

Barua yako ilinikuta na wanawake wa kamati ya harusi sebuleni. Niliwasomea ile sehemu ya begi wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia. Usidhani walicheka kwa kukupenda.

Unajua watu wanavyokusema? Kwenye matanga ya Makhanu, jirani yako, kila mtu alisimama akamsifu marehemu kwa upendo wake na ukarimu wake, jinsi watu wenye utu wanavyofanya. Wewe ukapewa kipaza sauti, ukasema, "Marehemu alikuwa mrefu," ukakaa. Sijui mjane wake alikusamehe vipi, kama alikusamehe.

Nikiwa darasa la tatu nilivuta muwa mmoja kwenye trela la trekta, jinsi watoto wote wa Shianda wanavyovuta tangu sukari ianze. Ukanishika sikio, tukatembea jua la mchana mpaka kwenye mizani, ukanifanya nimrudishie dereva muwa uliokwisha kutafunwa nusu. Dereva hakujua acheke au afanye nini. Watoto walikuwa wananiitanga Muwa mpaka nikamaliza shule. Hukuniuliza hata siku moja kama iliniuma.

Hiyo si imani, Senge. Hiyo ni jeuri iliyofunga kitambaa kichwani. Mungu ana magonjwa na vita vya kushughulikia, hana nafasi ya kukaa akitafuta begi la Nanjala liko wapi. Wewe unaogopa uongo mdogo kuliko unavyonipenda mimi. Nimelijua hilo tangu siku ya muwa, na sasa nimeliandika.

Basi baki na ukweli wako. Nimepata mtu. Mama Fanisi, anayeuza mitumba nyuma ya soko, amekubali kuwa senge yangu siku ya baraza. Ana kitenge kizuri na ana adabu.

Ashley


Shianda,
11 Februari 2025

Nanjala,

Huku ni kuzuri. Nimetayarisha shamba la mahindi, kanisa limepata bati mpya upande wa madhabahu, na paka wako bado yuko hai ingawa hana faida.

Makhanu alimpiga mkewe miaka yote hiyo nikisikia kupitia ua. Siku ya matanga nilitafuta jambo jema la kusema ambalo ni la kweli, nikapata urefu. Mjane wake huniletea maziwa kila wiki, kwa hiyo usijisumbue juu ya msamaha wake. Muwa nao, kama uliuma, uliuma. Mimi pia nilitembea jua hilo hilo, na sikuwa nimetafuna chochote.

Sasa umekodi shangazi. Nimekaa na neno hilo siku mbili. Watu hukodi viti, hukodi hema, hukodi masufuria makubwa ya kupikia wali. Leo na shangazi amepangwa pamoja na masufuria. Mkimaliza naye msisahau kumwosha na kumrudisha kwa mwenyewe.

Lakini wewe si mjinga, nilikusomesha. Fikiri. Kama wewe umeweza kukodi shangazi, Willis atashindwa nini kukodi baba mdogo? Umeniandikia kurasa mbili za matusi na hakuna mstari hata mmoja juu ya Shitanda. Huyo Willis amekupeleka kwao lini? Mama yake umemsalimia kwa mkono? Desturi ya kanisa lenu si mbaya. Waliiweka ili msichana asiolewe na mume wa mtu. Sasa nyinyi mmeigeuza mchezo wa kuigiza, na wewe unadhani ni wewe peke yako unayeigiza.

Trufosa


Kakamega,
20 Machi 2025

Senge,

Tunakusalimu, mimi na mume wangu. Nimeandika mume wangu ili uone neno hilo linavyokaa vizuri kwenye karatasi.

Harusi ilikuwa tarehe kumi na tano. Shela ilikuwa ndefu hadi ikashikwa na wasichana wawili. Kwaya ilikuja na sare mpya, mchungaji akahubiri juu ya arusi ya Kana, na hakuna mtu aliyeuliza ninalala wapi. Siku ile ya baraza Mama Fanisi alisimama akasema, "Mtoto huyu nimemlea kwa mikono yangu, na anaishi Khayega," na machozi yakamtoka, wazee wawili wa baraza wakatoa leso. Wewe ungetoa nini? Ungetoa urefu wangu.

Kiti kimoja cha mbele upande wetu kilibaki wazi. Watu walitaka kukikalia, Mama Fanisi akawaambia wakiache, ni cha marehemu mama. Si kweli. Nilikiacha wazi mimi mwenyewe, na sijui kwa nini ninakuambia.

Uliuliza juu ya mama yake Willis. Mama yake ni mzee na hasafiri. Umeridhika?

Kuna kipande cha keki kwa mkono wa Abdulmalik. Kama dhamira yako haikuruhusu kula keki ya harusi ya waongo, mpe yeye.

Bi. Ashley Osundwa


Shianda,
6 Aprili 2025

Nanjala,

Mvua imekuja kwa nguvu, mahindi yameota sawasawa isipokuwa pale kwenye kichuguu. Keki nimeila. Abdulmalik alikuwa kwenye mfungo wa Ramadhani, sikuwa na mtu wa kumpa. Ilikuwa na sukari nyingi, na katikati unga haukuiva. Ngano haikukosea kitu.

Wanawake wa kanisa hapa wameniuliza kwa nini sikwenda harusini. Jibu walikuwa wameshanitengenezea. Walisema, "Ulikuwa unaumwa mgongo, sivyo?" Nikawaambia mgongo wangu ni mzima, sikwenda kwa sababu niliombwa kudanganya nikakataa. Jumapili ya pili wakaniondoa uongozi wa kikundi cha akina mama, wakasema nina moyo mgumu na ninaanika familia yangu. Sawa. Waliyemchagua anachelewa kufungua kanisa, na kila akichelewa anasema saa yake imeharibika. Ana saa moja yenye magonjwa mengi sana.

Mama yake Willis ni mzee na hasafiri. Mimi ni mzee na ninasafiri. Anakaa wapi? Kijiji huwa na jina, hata kiwe kidogo namna gani.

Nimekutumia jogoo. Si zawadi ya ile sherehe, ni ya nyumba yako.

Trufosa


Kakamega,
18 Agosti 2025

Senge yangu mpendwa, mlezi wangu, nguzo yangu,

Ninakusalimu kwa salamu nyingi zisizo na kifani, nikimwomba Mwenyezi aendelee kukulinda na kukupa nguvu katika kazi za mikono yako. Mahindi yalikuwaje? Nilisikia mvua ya mawe ilipita upande wenu. Na paka? Jogoo wako alikuwa na nyama tamu.

Najua nimenyamaza tangu Aprili. Nilikasirika uliposema mambo yangu mbele ya wanawake wa Shianda. Hayo yamepita.

Senge, mambo yameharibika. Jumapili ya tarehe kumi wageni waliambiwa wasimame wajitambulishe, kama kawaida. Akasimama mwanamke mmoja na watoto wawili. Akasema, "Bwana asifiwe. Mimi naitwa Chepkorir, nimetoka upande wa Kapsabet. Ni mke wa Willis Osundwa, na hawa ni watoto wake." Na unajua kanisa lilivyozoea, watu wote wakaitikia, "Karibu," kabla hawajasikia walichoambiwa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, mbele ya kila mtu. Yule mtoto mkubwa ana masikio ya Willis.

Baraza litakaa tarehe ishirini na moja Septemba. Watu wanasema mimi niliingia nyumba ya mwenzangu nikijua. Wanataka kunitoa kwaya, kunitoa ushirika, na jina langu lisomwe mbele ya kanisa kama mwizi wa mume. Willis anakwenda dukani kwake, anarudi, anakula.

Mchungaji amepata habari zako, sijui kutoka Shianda au kwa nani. Aliniita akaniambia hivi: "Yule shangazi yako wa kweli, aliyekataa kukusemea, mlete. Akisimama akasema hukujua, hakuna mtu hapa atakayebisha." Wote wamekubali. Hawamtaki Mama Fanisi, wanakutaka wewe.

Njoo, Senge. Sema tu kwamba sikujua. Safari hii sikuombi jambo la mchezo.

Mwanao,
Nanjala


Shianda,
26 Agosti 2025

Nanjala,

Barua yako imeanza na mlezi na nguzo na kifani. Nilimrudia Abdulmalik nikamwambia amenipa barua ya mtu mwingine. Akaapa ni yangu. Mahindi yalipigwa na mawe kidogo, tutapata obusuma, ugali wa kula nyumbani, hatutauza. Paka ni yule yule.

Kwanza nimwondoe Willis njiani. Huyo si mwanamume, ni suruali iliyoanikwa. Mwanamke amesimama kanisani na watoto wake, na yeye anakwenda dukani, anarudi, anakula. Na hao wazee wenu wa baraza, waliolia kwa machozi ya Mama Fanisi, leo wanataka ukweli. Wangeupata Februari. Ulikuwa Shianda, nauli si kubwa.

Sasa wewe. Nitakuja tarehe hiyo, na nitasimama, na nitasema hukujua, kwa sauti ambayo hata watoto wa Chepkorir wataisikia. Nitasema hivyo kama ni kweli. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu kwa mafumbo. Siku ulipovaa ile shela, ulijua kwamba kuna Chepkorir?

Neno moja linatosha. Sitaki kurasa.

Trufosa


Kakamega,
5 Septemba 2025

Senge mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa mjini mvua inanyesha kila alasiri, nguo hazikauki. Barabara ya nyuma ya soko imechimbwa tena na wafanyabiashara wanalalamika. Mama Fanisi amehamisha kibanda chake. Rafiki yangu wa Khayega amepata mtoto wa kike, mzuri, ana nywele nyingi, walikuwa wamesubiri sana. Nilimpelekea nguo za mtoto. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya fahali kule Khayega, watu walijaa njia yote, fahali mmoja akakimbia akaingia kwenye migomba ya watu.

Nimeshona gauni la kijivu la kuvaa siku ya baraza. Fundi ameharibu shingo lakini litarekebishwa. Mchungaji ameuliza kama utalala kwetu au kwake, mke wake ametayarisha chumba. Chakula chao ni kizuri na nyumba ni safi.

Hilo uliloniuliza tutaliongea ukifika. Mambo mengine hayafai karatasi. Cha muhimu ni kwamba umesema utakuja, na mimi nimeshawaambia unakuja.

Nakungoja.
Nanjala


Shianda,
11 Septemba 2025

Nanjala,

Nimesoma habari za mvua, za barabara, za mtoto mwenye nywele, na za fahali aliyeingia kwenye migomba. Nilikuomba neno moja, ukaniletea soko zima. Basi umenijibu.

Siji. Mwambie mke wa mchungaji anikunjie shuka zake. Kama ningesema Februari kwamba begi ni mtu, leo neno langu lisingefaa hata kufungia chumvi. Linafaa kwa sababu sikulitoa. Na wewe unataka nilitoe sasa, mara moja, kwa uongo, halafu niishi bila hilo neno.

Siku moja uliandika kwamba naogopa uongo kuliko ninavyokupenda. Nimekaa na maneno hayo tangu Februari na yameniuma. Nakupenda, Nanjala. Sikuwahi kuliandika kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nakupenda na siji.

Trufosa


Khayega,
29 Septemba 2025

Senge,

Sina salamu nzuri. Ona nilipoandikia.

Baraza lilikaa baada ya ibada. Chepkorir alikuwepo na watoto, wamekaa benchi la ukutani, mdogo anakula ndizi. Nilikuwa nimewaambia watu unakuja, kwa hiyo kila mlango ukilia wanageuka kutazama. Mwishowe Willis akamwita Mama Fanisi. Akasimama na kitenge chake akasema mimi mtoto wake sikujua lolote, akaanza kulia. Mchungaji akamngoja amalize. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, "Huyu mtoto wako alizaliwa kijiji gani?" Mama Fanisi akasema Butere, nami ni mtoto wa Shianda. Watu wakacheka, Senge. Kanisani.

Wakamwita Mzee Shitanda. Akasema, "Mimi nafungua duka la Willis asubuhi na nalifunga jioni. Ukoo wake siujui." Akaomba ruhusa aende, maana duka liko wazi. Nilikumbuka ile imondo, na nikakuchukia kwa kuiona.

Mchungaji akanigeukia akaniuliza kama shangazi yangu yuko njiani. Ningeweza kusema ndiyo, yuko njiani, gari limeharibika. Neno hilo lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Haji. Aliniuliza kama nilijua, nikamwandikia habari za fahali." Hawakuelewa. Kwa hiyo nikasema nilijua. Nilijua tangu Novemba. Niliona sweta ya shule ya mtoto kwenye gari la Willis, nikauliza, akaniambia alimwacha mke zamani. Sikuuliza tena kwa sababu nilitaka ile shela. Nilisema yote hayo nikimtazama Chepkorir, si mchungaji.

Wamenitoa kwaya na ushirika, na jina limesomwa. Willis aliniambia nje kwamba nimemwaibisha. Mimi nimemwaibisha. Nilimtazama nikaona kweli ni suruali iliyoanikwa. Nilichukua vitu vyangu siku hiyo hiyo, na sasa niko kwa rafiki yangu hapa Khayega, nyumba ndogo, mtoto mchanga analia, na mume wake ananihesabia vijiko vya sukari kwa macho.

Chepkorir alikuja mpaka langoni kabla sijaondoka. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kwa hawa watu aliyenijibu." Hakusema amenisamehe. Akamshika mtoto mkono wakaenda.

Senge, nataka kuja Shianda, nikutembelee wiki chache. Ila nakuomba kitu. Majirani watauliza, unawajua. Waambie unaumwa na nimekuja kukuuguza. Hilo halimdhuru mtu yeyote.

Nanjala


Shianda,
6 Oktoba 2025

Nanjala,

Huku kuko sawa. Yule mwenye saa mbovu amepoteza ufunguo wa kanisa, sasa tunaomba chini ya mti wa mchungwa na anasema alitaka hivyo tangu mwanzo.

Butere. Mwanamke amekulilia machozi mara mbili na hajajisumbua kukuuliza ulikozaliwa.

Umesema kweli mara moja, tena baada ya kubanwa pande zote. Usijisifu, mara moja si tabia. Lakini nilipofika mahali pale ulipomtazama Chepkorir na si mchungaji, niliiweka barua chini nikatoka nje nikalia. Abdulmalik aliniona, na nikamwambia ninalia, hakuna moshi wala kitunguu. Nimefurahi na nimeumia, vyote kwa pamoja.

Chumba chako nimetoa magunia. Godoro limepigwa jua. Mjane wa Makhanu amesema ataleta maziwa ya watu wawili. Ondoka hapo Khayega kabla huyo mume hajamaliza kuhesabu vijiko.

Kuhusu ombi lako, mimi siumwi. Jana nimepalilia maharagwe mpaka mwisho wa shamba, na watu wameniona. Kunitembelea nako usiwaambie, maana mgeni ana siku ya kuondoka, na wewe sijakupa siku. Utapita sokoni mchana, wote watakuwa wamekaa pale, na watakuuliza. Waambie umerudi.

Senge yako,
Trufosa